Morris Minor ya paa la kukunja inauzwa Njoro: ninunue au niache?

SWALI: Kuna Morris Minor ya paa la kukunja inauzwa kwenye shamba moja huku Njoro. Mwenyewe anasema ni ya 1958, injini ya "elfu moja", haijawashwa zaidi ya miaka kumi lakini ni nzima. Anataka Sh650,000. Rangi bado inang'aa, turubai limechanika. Fundi wangu anasema tuing'oe hiyo injini tuweke ya Datsun, gari litoke hapo likitembea. Nitajuaje kama ni ya kiwandani kweli na si paa lililokatwa? Nikague nini kabla sijatoa pesa? Na kampuni hiyo bado ipo, nikitaka spea? – Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, mwambie fundi aweke kando habari ya Datsun kwanza. Injini ya Morris Minor ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kushughulikia kwenye gari hilo. Ni ndogo, inatoka kwa mnyororo na watu wawili, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kitakachoamua kama unanunua gari au unanunua vyuma chakavu kiko chini, mahali ambapo muuzaji hajakuonyesha na pengine yeye mwenyewe hajawahi kuinama kupaona. Gari la aina hii halina paa la chuma la kushikilia bodi isipinde. Kazi hiyo yote imeachiwa sakafu, vizingiti vya milango na mihimili ya chini. Hivyo vikioza, bodi inalegea katikati, na injini mpya itaharakisha tu siku ya kukatika.

Lakini kwanza hilo la ukweli wake, maana bei yote inaegemea hapo. Minor nyingi zilitoka kiwandani na paa la chuma, na ile ya milango miwili inafanana mno na ya turubai. Mtu mwenye msumeno na mashine ya kuchomelea anaikata paa na kuivisha turubai, nawe ukipita barabarani hujui. Huko Uingereza kazi hii imefanywa miaka mingi, na ikifanywa kwa kuongeza vyuma vyote vinavyotakiwa, gari linakuwa imara. La kuogopa ni lile lililokatwa likaachwa hivyo hivyo. Na hata lililokatwa kwa ustadi halistahili bei ya lililozaliwa hivyo.

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenga injini na abiria kuna kibati chenye namba ya chesisi. Mwaka 1958 ndipo mtindo wa namba hizo ulipobadilishwa, kwa hiyo kibati chako kinaweza kusomeka kwa njia mbili. Mtindo wa zamani unaanza na F, ambayo ni alama ya Minor. Herufi ya pili ndiyo unayoitafuta: A ni milango minne, B ni milango miwili, C ni paa la kukunja, L ni ile yenye mbao nyuma inayoitwa Traveller. Herufi ya tatu ni rangi iliyotoka nayo kiwandani: A nyeusi, B kijivu, C nyekundu, D bluu, E kijani. Tarakimu inayofuata ikiwa 2, hilo ni gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kuuzwa nje ya Uingereza, na ndilo unalolitarajia Njoro. Mtindo mpya nao unaanza na M ya Morris, kisha A ya injini, kisha bodi. MAT3 ni paa la kukunja. MA2S3 ni la milango miwili lenye paa la chuma. Ukikuta 2S kwenye kibati na turubai juu, mjadala umekwisha. Hapo mnazungumza bei nyingine.

Kibati hung'olewa, kwa hiyo kichunguze kilivyofungwa. Ribiti zinazong'aa kwenye kibati kilichochakaa zina maneno. Linganisha namba na logbuku herufi kwa herufi, halafu linganisha ile herufi ya rangi na rangi iliyojificha chini ya zulia au nyuma ya dashibodi, ambako fundi wa rangi wa baadaye huwa hafiki.

Baada ya hapo tafuta vyuma vya ziada. Kiwanda kiliongeza mabamba ya kutia nguvu chini ya dashibodi, pande zote mbili, pale inapokutana na nguzo za milango. Kiliongeza mengine kwenye nguzo ambako mlango hufungia, na kikaimarisha vizingiti kwa ndani. Ingiza mkono na tochi. Uchomeleaji wa kiwandani ni vidoa vidogo vya mviringo vilivyopangana kwa nafasi zinazolingana. Ukiona uvimbe wa welding ya fimbo, au ukakuta hakuna bamba lolote, umepata jibu lako bila kumuuliza mwenye shamba.

Umri nao unasomeka kwenye bodi. Tangu mwishoni mwa 1956, Minor ilipopewa injini ya sentimita za ujazo 948 na jina la Minor 1000, kioo cha mbele ni kimoja. Chenye mhimili katikati ni cha gari la kabla ya hapo. Ya 1958 inapaswa kuwa na vile vibao vidogo vinavyochomoza ubavuni kuonyesha unapokata kona. Taa za kumetameta zilikuja 1961. Namba ya injini iko kwenye kibati juu ya dainamo. Ikianza na 9M au APJM ni 948 halali. Ikianza na 10M ni 1098, iliyoanza kufungwa 1962. Hiyo ya mwisho si aibu, tena ni afadhali: inatoa nguvu za farasi 48 dhidi ya 37 za 948. Ila lazima logbuku iseme hivyo.

Sasa kampuni. Haipo, lakini usihuzunike. William Morris alianza na kutengeneza baiskeli Oxford akiwa kijana, akatoa gari lake la kwanza, Morris Oxford, mwaka 1913 na kuanzisha kiwanda Cowley, nje kidogo ya mji huo. Alifanikiwa hadi akapewa cheo cha Lord Nuffield, na chuo cha Nuffield pale Oxford kimesimama kwa pesa zake. Minor yenyewe ni kazi ya Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini. Gari lilipokaribia kukamilika aliliona jembamba, akaamuru mfano wake ukatwe katikati kwa urefu na kupanuliwa kwa inchi 4. Ndiyo maana boneti ina ule mstari bapa unaopita katikati. Nuffield hakulipenda hata kidogo, alisema linafanana na yai lililopikwa majini bila ganda. Lilizinduliwa London 1948, na kufikia mwisho wa 1960 likawa gari la kwanza la Uingereza kutengenezwa milioni moja. La paa la kukunja lilikuwepo tangu mwanzo na lilidumu hadi 1969.

Linalokuhusu wewe mwenye kutafuta spea ni la 1952. Mwaka huo Morris iliungana na Austin, washindani wa siku zote, wakawa kampuni moja, British Motor Corporation (BMC). Mara Minor ikapewa injini ya Austin ya A-series badala ya ile ya zamani yenye valvu za ubavuni. Injini hiyo ya Austin ndiyo iliyofungwa pia kwenye Austin A35, Mini, Austin-Healey Sprite na MG Midget, na ukoo wake uliendelea kutengenezwa hadi 2000. Kwa hiyo gasketi, pete za pistoni, beringi, valvu na pampu ya maji si vitu vya makumbusho. Maduka ya Uingereza yanayouza spea za Minor kwa posta yanavyo vyote, pamoja na mabamba ya sakafu na vizingiti vilivyokunjwa tayari. Unalipa nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, unasubiri. BMC iliingia British Leyland mwaka 1968, jina la Morris likafifia na Morris Ital iliyokoma 1984, na leo alama hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Kichina ya SAIC, ambayo haitakusaidia chochote na Minor.

Nenda shambani ukiwa na jeki mbili, mbao nene, bisibisi kubwa, nyundo ndogo, tochi, na sumaku iliyofungwa kitambaa. Sumaku ni kwa ajili ya hiyo rangi inayong'aa. Ipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye kona za mbele za mabawa. Inapokataa kushika kuna puti, yaani lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, na rangi nzuri juu ya puti nene ni ya kuuzia.

Kisha mlango. Simama kando, tazama nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Inatakiwa iwe na upana ule ule kutoka juu hadi chini. Ikiwa imebana juu na kuachama chini, gari limeshalegea katikati. Weka jeki na ubao chini ya mhimili wa mbele, inua hadi gurudumu liachane na ardhi, halafu fungua na ufunge mlango. Kwenye gari zima mlango utafunga vile vile. Ukianza kukwaruza au kugoma, acha hapo hapo, shusha taratibu. Fundi atakwambia ni bawaba. Si bawaba.

Sehemu ninayokutaka uipigie magoti zaidi iko chini ya viti vya mbele. Minor haina springi za kujikunja mbele. Ina fito mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zinazoanza kwenye mkono wa gurudumu na kurudi nyuma hadi kwenye mhimili unaokatiza sakafu chini ya viti. Gurudumu likipanda, ufito unajisokota. Maana yake uzito wote wa mbele ya gari unauvuta mhimili huo kwa nguvu za kusokota kila dakika, hata gari likiwa limeegeshwa bandani. Miisho ya mhimili ndiyo pia mahali pa kuwekea jeki ya gari, karibu na vizingiti, na ndiyo inayooza kwanza kwa sababu tope hujaa humo na kukaa na unyevu. Choma kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia na kurudisha mkono. Kilichooza kinapokea bisibisi kimya, na maganda ya kutu yanamiminika. Ukikuta viraka vimechomelewa juu ya viraka, hesabu kama shimo. Inua na mazulia: turubai limechanika miaka yote hiyo, maji yameingia na hayakuwa na pa kutokea. Ukimaliza hapo rudi nyuma ya viti vya abiria, uchome pale springi za majani zinaposhikwa na bodi kwa mbele. Zikitoboka hapo, ekseli inaanza kuliendesha gari yenyewe.

Kuoza kwa sakafu peke yake kunatengenezeka. Mhimili, vizingiti na mashikio ya springi vikiwa vimeoza pamoja, kazi ni ya wiki nyingi, na ina sharti moja ambalo mafundi wengi wa jua kali hawalijui: vizingiti vya gari la turubai havikatwi kabla ya kufunga vyuma vya kuvuka kwenye nafasi za milango, kutoka nguzo hadi nguzo. Akikata bila hivyo, bodi itajikunja kwa milimita kadhaa, na milango haitafunga tena hata angeleta mabamba mapya kutoka Uingereza. Fundi anayekubali kazi hii, mwulize atafanya nini kabla ya kukata. Asipotaja hivyo vyuma, mshukuru uende zako.

Kuna kitu kimoja kinachoua kwenye Minor, na hakina uhusiano na kutu. Gurudumu la mbele linashikwa na kingpini, nguzo fupi ya chuma yenye uzi juu na chini, inayozunguka ndani ya tranioni, yaani vishikio vyenye uzi kwa ndani. Uzi huo ndio beringi yenyewe. Ukipata grisi unadumu miaka. Ukinyimwa unalika taratibu bila kelele, hadi siku kingpini inachomoka kwenye tranioni ya chini na gurudumu linalala ubavuni. Mara nyingi hutokea mwendo wa polepole huku usukani umekatwa, lakini si lazima lichague mahali. Kupima, inua upande mmoja gurudumu lining'inie, ingiza mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue. Mwenzako aangalie tranioni. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, gari haliendeshwi, linabebwa. Baadaye, kila maili 1,000 piga grisi kwenye nipeli za juu na chini kila upande, gurudumu likiwa hewani ili grisi ipenye kwenye uzi unaobeba mzigo. Ukiipiga gari likiwa chini, grisi inatokea upande usio na kazi. Kingpini na tranioni za kushoto na za kulia hazibadilishani, kwa hiyo agiza kwa kutaja upande. Ukiwa hapo kagua na shokabsoba ya mbele, ambayo kwenye Minor ni ya mkono wa chuma na ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu. Ikivuja mafuta jaza. Ekseli yake ndogo ikicheza, badilisha.

Breki usizijaribu hata kama pedali inaonekana ngumu. Baada ya miaka kumi hesabu raba zote za silinda za magurudumu na mipira ya breki ni za kutupa. Kinachowachanganya mafundi ni silinda kuu, kwani hawaioni chini ya boneti. Imefichwa ndani ya mhimili wa chesisi chini ya miguu ya dereva. Kifuniko chake kiko sakafuni, chini ya zulia, kimezibwa na bamba dogo. Kwa kuwa haionekani, hakuna anayeijaza, na ikivuja huloweka mhimili huo. Kuitoa kunachosha kwa sababu ule ufito wa kujisokota umepita mbele ya bolti zake. Mlipe fundi kwa siku nzima, usimpe saa mbili. Na ujue uwezo wake: drum za inchi 7 pande zote. Kuzunguka Njoro, Nakuru na Lanet zinatosha sana. Ukitoka Mau Summit kuteremkia Salgaa, ingia gia ya tatu juu kabisa ya mteremko, malori yakipiga honi nyuma yaache yapige.

Injini sasa. Usimruhusu mtu aunganishe betri "tusikie tu". Chomoa plagi nne, mimina kijiko kimoja cha mezani cha oili katika kila silinda, acha usiku mzima. Asubuhi tumia hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Minor ina tundu lake mbele, na hiyo ni raha isiyopatikana tena kwenye magari. Ikizunguka kwa mkono bila kukwama, mwaga oili ya zamani, weka mpya karibu lita 3.7, zungusha tena, ndipo ufikirie betri. Tangi la petroli literemshwe na kuoshwa. Petroli ya zamani huacha gundi yenye harufu ya rangi, na kijiko kimoja chake kinaziba kabureta. Pampu ya umeme ya SU iko kwenye ukuta wa injini. Ukifungua swichi inatakiwa igonge haraka haraka kisha itulie kabureta ikijaa. Ikinyamaza tangu mwanzo, pointi zake zimeganda, zisugue kwa msasa laini. Ikigonga bila kuacha, petroli inavuja au haipo.

Klachi inaweza kuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Giaboksi itakuwa na mlio kwenye gia ya kwanza, mlio wa kawaida, na gia hiyo haina sinkromeshi ya kulainisha kuingia kwake, kwa hiyo usiitie gari likitembea. Oili ikidondoka chini ya kasha la klachi lenye umbo la kengele usishtuke. Injini hizi hazina sili ya mpira nyuma, zilidondosha zikiwa mpya.

Vipimo vya kuanzia: pointi za distributa inchi 0.015, plagi 0.025, valvu 0.012 injini ikiwa baridi, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Fundi akipima mgandamizo wa silinda, asiutishe moyo wako kwa takwimu za vitabu. Vitabu vimeandikwa usawa wa bahari, nako 948 yenye afya huwa karibu psi 150. Njoro imepita mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo psi 120 na kitu ni nzuri. Tazama kama silinda nne zinalingana ndani ya asilimia 10. Moja ikianguka mbali, mimina oili kidogo humo upime tena. Ikipanda ni pete, isipopanda ni valvu. Na valvu zina jambo lao: vichwa vya chuma vya injini hizi vilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli, ambayo hapa kwetu iliondolewa sokoni kufikia 2006. Gari lililolala tangu wakati huo halijaumia sana. Ukianza kulitumia, nafasi za valvu za kutolea moshi zitapungua polepole, na siku kichwa kitakapofunguliwa uweke viti vigumu vya valvu.

Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayofanya Minor za huku zitoe moshi mweusi na kunywa petroli, kisha lawama anabebeshwa fundi. Kabureta ya SU inarekebishwa kwa nati iliyo chini yake. Kuipandisha kunapunguza petroli. Injini ikiwa moto, nyanyua pistoni ya kabureta kwa milimita moja tu. Mwendo ukiongezeka na kubaki juu, petroli imezidi, pandisha nati upande mmoja kati ya pande zake sita. Injini ikizimika, imepungua. Ikiongezeka kidogo kisha kutulia, iache. Ukishuka Kisumu, mita kama 1,130, huenda ukarudisha upande mmoja.

Umeme ni mfupi: fyuzi mbili na waya chache, ambazo panya wa banda watakuwa wamezionja. Jambo la kukumbuka ni kwamba chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari yote anayoyajua fundi wako. Akifunga kwa mazoea, au ukachomeka redio ya kisasa, kitu kitaungua. Andika kwa rangi nyeupe kwenye kikalio cha betri, ambacho pia ukikague, kwa sababu asidi hukitoboa na maji yanaangukia miguuni.

Turubai ndilo linalokutisha nalo ndilo dogo. Fundi mzuri wa viti Nakuru anashona, mradi ana la zamani la kuchukulia vipimo, kwa hiyo usiruhusu litupwe hata likiwa matambara. Chuma zake za kukunja zikikosekana ni shida ya kweli, pamoja na mbao ambazo kitambaa kinapigiliwa.

Kuhusu bei, Sh650,000 naiona kuwa bei ya gari la kiwandani, lenye mhimili na vizingiti vizima, linalotembea na kufunga breki, hati zikiwa safi. La hivyo ambalo haliwaki lakini chini ni zima, ningeanzia kwenye nusu ya bei hiyo. Lililooza chini ningelinunua kwa bei ya spea tu. Kitu kimoja kinampa muuzaji nguvu: Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huagizi lingine kama unavyoagiza Probox. Kinachokupa nguvu wewe ni kwamba hajui alichonacho chini.

Karatasi zinaweza kukwamisha zaidi ya kutu. Gari la umri huu lina namba ya zamani isiyo na herufi mwishoni, na mara nyingi logbuku imebaki kwa jina la marehemu. Kama ndivyo, hata mtoto wake mkubwa hawezi kukuuzia mpaka mahakama iwe imetoa hati ya usimamizi wa mirathi. Ombeni rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kabla ya kulipa chochote, mwone jina, namba ya chesisi na ujazo wa injini. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Pesa zitembee siku hiyo hiyo. Ndipo jibu la Datsun linapokuja. Injini ya kigeni inalazimu kubadilisha rekodi, inahitaji kukata mashikio ya bodi, na inaondoa gari kwenye soko la wale wanaolipa vizuri, wakiwemo wanaopeleka magari kwenye mashindano ya unadhifu ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Kama 948 imepasuka kabisa, tafuta 1098 ya Minor; inaingia mahali pale pale.

Mkielewana, msiondoke kabla hamjapekua banda zima. Hendeli, jeki, vyuma vya turubai, fremu za vioo vya nyuma vya pembeni na kofia za magurudumu huwa zimetundikwa ukutani au zimefunikwa na magunia. Ziorodheshe kwenye mkataba wa kuuziana, na uzibebe siku hiyo hiyo.